Mfupa Umeunga, Mwili Bado Uko Barabarani

Kazi yangu ni fiziotherapia. Wagonjwa hutuita madaktari wa mazoezi, na jina hilo linatutosha. Chumba chetu kiko katika hospitali iliyo kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, na wengi wanaoingia humo wameletwa na barabara hiyohiyo: vijana wa bodaboda, abiria wao, makondakta, akina mama waliogongwa wakivuka na ndoo kichwani. Wanafika kwetu plasta imeshatolewa, picha ya eksirei iko ndani ya bahasha kubwa waliyoikumbatia. Daktari wa mifupa ameandika kwamba mfupa umeunga. Naipandisha picha kwenye mwanga wa dirisha, na kweli umeunga. Kisha namwambia mgonjwa akanyage chini, na mguu unakataa.

Mtazame vizuri, utaona kwamba mguu hauko peke yake. Mabega yamepanda karibu na masikio. Taya limekazwa. Anapumua juujuu kifuani, tumbo halitikisiki. Pikipiki ikipiga resi nje ya geti, anaruka hapohapo alipokaa, jasho jembamba linamtoka, halafu anacheka kwa aibu na kuomba radhi. "Samahani dokta, hata sijui ni nini." Ndugu aliyemsindikiza anamkaripia: acha woga, ajali ilishapita.

Kwenye kalenda imepita. Mwilini mwake inaendelea, na hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na namna tunavyowatunza manusura wa ajali, wa ukatili na wa majanga. Tunashona kidonda, tunaunga mfupa, kisha tunamrudisha nyumbani mtu ambaye mwili wake bado unaamini kwamba lori linakuja. Mwili huo unaweza kufundishwa kutulia. Mafunzo yenyewe hayahitaji mashine wala dawa ya kuagiza nje, na bado wagonjwa wengi wanaondoka wodini bila kuyasikia.

Hatari inapotokea, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hutoa amri kabla wewe mwenyewe hujafikiri lolote. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia misuli mikubwa ya mapaja na mikono, mboni za macho zinapanuka, tumbo linasimamisha kazi yake. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1915, na hakuna cha kuonea aibu ndani yake: ndiyo yanayomwezesha mama kumnyanyua mtoto na kuruka mtaro ambao siku nyingine asingethubutu. Hatari ikiisha, mwili hutakiwa kurudi chini. Kwa watu wengi hurudi. Kwa wengine amri ile haifutiki, na kitu chochote kinachofanana na siku ile huiamsha upya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hushtuka kabla hajajua kwamba ni ung'ongo.

Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka na kuua watu zaidi ya 100. Nimewahi kumhudumia mtu aliyekuwa karibu na moto ule. Makovu yake yalikuwa yamekauka na mkono ulikuwa unanyooka vizuri. Kilichomshinda ni kupita kituo cha mafuta. Harufu ya petroli ikimfikia, vidole vilikuwa vinajikunja vyenyewe, ngumi inafunga, na kuifungua ilibidi atumie mkono wa pili. Hakuna maneno ambayo angeweza kujiambia wakati huo yakaifungua ngumi ile. Alijua vizuri kwamba hakuna moto. Mkono wake ndio haukujua.

Sasa sikiliza tunavyomwambia mtu kama huyo. Jikaze. Mshukuru Mungu umepona, wenzako wako kaburini. Wewe si wa kwanza kupata ajali. Mwanaume hatetemeki. Haya yote yanasemwa kwa upendo, nayajua, nimeyasikia kwenye korido za hospitali maisha yangu yote. Lakini kujikaza ndiko mwili wake unakofanya usiku na mchana bila kupumzika, hata usingizini. Kumwambia ajikaze ni kumwongezea dozi ya ugonjwa.

Njia ya pili tunayoikimbilia ni kidonge. Jirani ana diazepam iliyobaki, au muuza duka la dawa anafahamika, basi mgonjwa analala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilishauri dawa za kundi hilo zisitolewe kwa mtu mzima kwa ajili ya dalili za mshtuko, wala kwa kukosa usingizi, katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mwili huzizoea haraka, nazo hazimfundishi mgonjwa chochote.

Njia ya tatu ina sura ya msaada, na kwa hiyo inaniumiza zaidi. Ni ile ya kumtaka manusura aeleze. Ilikuwaje? Ulikuwa umekaa upande gani? Ulimwona marehemu? Mwandishi wa habari ameshika kipaza sauti pembeni ya kitanda, wageni wa saa za kuona wagonjwa wamejipanga, kila mmoja anataka hadithi kuanzia mwanzo. Miaka ya 1990 hata wataalamu waliamini kwamba mtu akiketishwa mara moja, mara tu baada ya janga, akasimulia yote, atakingwa na madhara ya baadaye. Tafiti zilipopitiwa kwa pamoja ikaonekana kwamba kikao hicho hakimkingi, na wengine kinawazidishia. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 unasema wazi: msikilize anayetaka kusema, usimlazimishe asiyetaka. Kusimulia kuna wakati wake na watu wake, na tiba za mazungumzo zinazoongozwa na mtaalamu zinasaidia sana. Ila mtu ambaye moyo unamdunda mpaka masikioni hawezi kuitumia tiba hiyo. Kwanza ateremke.

Tunamteremshaje? Nitaeleza ninavyofanya, na msomaji unaweza kujaribu hapo ulipo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi polepole puani. Ukiwa makini utasikia mapigo yanaongeza mwendo kidogo. Sasa itoe pumzi taratibu, kama unapoza uji, mpaka iishe. Mapigo yanapungua. Mlango ndio huo. Moyo hauwezi kuamrishwa utulie, lakini pumzi inaamrishika, na pumzi inapotoka polepole, neva ya vagasi huuzuia moyo usikimbie. Neva hiyo inashuka kutoka kwenye shina la ubongo, inapita shingoni, inafika kwenye moyo, mapafu na utumbo, na takriban asilimia 80 ya nyuzi zake zinapeleka habari juu, kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Tumbo na kifua vinautaarifu ubongo hali ilivyo, kila dakika.

Kwa hiyo mgonjwa wangu anahesabu nne akivuta, sita akitoa. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya 12 na 20. Anaanza kwa dakika chache, asubuhi na jioni, siku ambazo hana hofu, ili mwili uizoee njia kabla ya siku ya hofu. Wazee wengi hawapendi kuhesabu. Namwambia bibi atumie tasbihi yake, au rozari yake, aseme polepole kwa sauti. Mwaka 2001, Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, utafiti wa watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini au kurudia mantra za wafuasi wa yoga. Upumuaji wao ulishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda sambamba nao. Bibi zetu hawakuhitaji kuusoma, lakini nafurahi kwamba umeandikwa.

Baada ya pumzi, miguu. Navua viatu vya mgonjwa, naomba aikanyage sakafu na kuniambia anasikia nini: baridi, ufa wa saruji, mchanga kidogo. Baada ya miguu, macho na shingo. Mtu aliyegongwa kutoka kushoto mara nyingi shingo yake haitaki kugeuka kushoto, hata kama pingili zake ni nzima. Namwomba ayatembeze macho chumbani bila haraka, anitajie vitu vitano anavyoviona, hadi macho yafike upande ule na kukuta ukuta, kalenda na beseni. Mara nyingi hapo ndipo pumzi ndefu inamtoka yenyewe, na mabega yanashuka bila kuambiwa.

Kijana mmoja wa bodaboda, goti lilikuwa limeshapona, alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Mlandizi mjini mpaka kwao kwa sababu hakuweza tena kupanda pikipiki, hata ya kubebwa. Tulianza dirishani, akiitazama pikipiki ya mlinzi ikiwa imezimwa. Siku nyingine tukafika getini. Siku nyingine akaigusa kiti. Alipoikalia kwa mara ya kwanza, imezimwa, stendi iko chini, mapaja yalianza kutetemeka hadi pikipiki yenyewe ikawa inalia vyuma. "Mama, moyo unataka kutoka." Nikamwambia ateremke, tukarudi dirishani, tukapumua, tukamaliza siku. Kutetemeka sikukuzuia. Peter Levine, Mmarekani aliyeandika kitabu chake cha kwanza cha jambo hili mwaka 1997 baada ya kutafakari namna wanyama wa porini wanavyojitikisa wakishamponyoka adui, anaamini kwamba mtetemeko huo ni mwili kumalizia ulichokatizwa. Nadharia yake bado inadai ushahidi zaidi, na siifundishi kama msahafu. Nijualo ni kwamba mtetemeko ukiachwa upite, bila kuchekwa na bila kuharakishwa, hupita. Kijana yule alirudi kazini. Anaendesha polepole kuliko wenzake, na kofia ya abiria ameinunua.

Kuna tahadhari. Mtu aliyekabwa koo au aliyenusurika kuzama anaweza kuzidiwa na hofu akiambiwa asikilize pumzi yake. Huyo tunaanza na miguu, au na kitu cha baridi mkononi. Wengine wakifumba macho wanarudi kulekule, basi wasifumbe. Na kugusa ni kwa ruhusa. Mkono wangu juu ya bega la mwanamke aliyebakwa, bila kumuuliza, ni shambulio jingine, hata kama nimevaa koti jeupe.

Je, haya yanafanya kazi nje ya chumba changu? Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Nairobi kwa wanawake 421 waliokuwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, watu wa kawaida waliopewa mafunzo, walikutana na nusu ya wanawake hao mara tano, dakika 90 kila mara. Stadi ya kwanza waliyofundisha ilikuwa kupumua polepole. Baadaye yakafuata matatizo ya kila siku, shughuli na watu wa kuegemea. Miezi mitatu baadaye wanawake hao walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa mpango mwingine, uliochapishwa mwaka 2020. Waliopata mpango wenyewe walikaa kwa makundi wakisikiliza masomo yaliyorekodiwa, na somo la kwanza lilikuwa namna ya kujirudisha mahali ulipo pale mawazo yanapokubeba. Nao walipata nafuu. Huko Marekani, daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake waliwafundisha yoga ya taratibu, kwa wiki 10, wanawake ambao tiba nyingine zilikuwa zimewashinda. Jumla walikuwa 64. Katika kundi la yoga asilimia 52 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa wa kiwewe, na katika kundi la kulinganisha asilimia 21.

Ni tafiti chache, na ile ya yoga ni ndogo. Hakuna hata moja inayosema mwili pekee unatosha. Ndiyo maana nawaonya wasomaji kuhusu watu walioanza kuuza semina za kutoa kiwewe kwa siku moja, kwa fedha ambayo dereva wa bodaboda haipati kwa mwezi. Anayekuambia uache dawa zako za hospitali, au anayekusukuma ulie mbele ya watu, mkimbie. Pumzi ni yako, hailipiwi.

Kuna jambo moja la mwili ambalo lingejulikana lingewapunguzia watu wengi mateso. Zaidi ya kupigana na kukimbia, mwili una njia ya tatu ya kujiokoa: kuganda. Sauti haitoki, mikono haiinuki, mtu anaona yote na hawezi kitu. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walichapisha habari za wanawake 298 waliofika katika kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm. Asilimia 70 walikuwa wameganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio, na walioganda ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kuugua kiwewe miezi sita baadaye. Sasa kumbuka swali la kwanza ambalo binti anaulizwa nyumbani, kituoni na mahakamani: kwa nini hukupiga kelele? Anaulizwa na mama yake mzazi. Naye anaanza kujiuliza mwenyewe, na anaishi na swali hilo kuliko anavyoishi na kidonda. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, wazazi, mahakimu: mwili hauombi kibali cha mwenyewe ukiamua kuganda. Acheni kuuliza swali hilo.

Siamini kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Tunajua sana kuutunza mwili uliopita kwenye mtikisiko. Mzazi tunampa arobaini yake: anapikiwa, anakandwa, anafungwa tumbo, anapewa uji wa pilipili manga, hachoti maji. (Maji yanayounguza siyaungi mkono, nimeona ngozi zilizobabuka.) Mfiwa hatumwachi peke yake. Anakalishwa mkekani katikati ya wanawake wenzake, mmoja amemshika mgongo, mwingine anamlazimisha kunywa chai, analia kwa sauti mpaka kifua kinashuka, na usiku kuna mtu wa kulala naye. Hakuna anayemwambia jikaze siku ya kwanza. Hakuna anayemtarajia kazini Jumatatu.

Aliyenusurika hana mkeka. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna matanga, na kwa kuwa hakuna matanga, hakuna anayekuja kulala. Tunampelekea machungwa wodini, tunamwambia ana bahati, na wiki ya pili tunamuuliza atarudi lini barabarani kwa sababu pikipiki ni ya mkataba na tajiri anataka hesabu. Tungempa hata robo ya kile tunachompa mzazi au mfiwa, watu wa kukaa naye bila maswali, chakula cha moto, usingizi unaolindwa, mkono begani kwa ridhaa yake, wengi wasingefika kwangu wakiwa na miguu inayokataa ardhi.

Januari 31, 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao unalenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hao ndio wanaoingia majumbani. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila mmoja wao anajua kumfundisha mtu kupumua pumzi sita kwa dakika, kuikanyaga sakafu, na kutambua nani anahitaji kupelekwa mbele. Wakufunzi wa Nairobi waliweza kuwafundisha watu wa kawaida, sisi hatushindwi. Naziomba pia wodi za mifupa na za majeruhi: kabla ya kumwandikia mgonjwa ruhusa ya kurudi nyumbani, mpeni dakika 10 za elimu hii, yeye na ndugu yake kwa pamoja.

Na wewe uliye na manusura nyumbani, usingoje wizara. Akishtuka, usimkaripie wala usimcheke. Kaa pembeni yake, mtajie siku ya leo na mahali mlipo, mwache atazame chumba chote, kisha mpumue pamoja, pumzi ya kutoka iwe ndefu. Usimuulize ilikuwaje, akianza mwenyewe, sikiliza. Mwezi ukipita na bado halali, anaota yaleyale, ameanza kunywa, au anasema ni afadhali angekufa, mpeleke hospitali na uulize kliniki ya afya ya akili. Akianza kuzungumzia kujiua, mpeleke siku hiyohiyo. Mtu akikuambia kliniki hiyo ni ya vichaa, mpeleke hivyohivyo.